Sauti ya Mwalimu Ngoi katika Missa Luba

Wafundishao liturgia vyuoni hupenda kuitaja Missa Luba, na mazungumzo hukomea kwa Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Sisi tunakusudia kumzungumzia Joachim Ngoi, mwalimu wa shule huko Kamina, Katanga. Sauti yake, ile ya tatu ya kiume, ndiyo inayoitangulia kwaya katika santuri ya Philips ya mwaka 1958.

Tuliisikiliza upya rekodi hiyo tuliporejea kutoka Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Huko tulimsikia mwimbishaji wa kijiji akianza peke yake bila karatasi, na kulirefusha neno kila alipoona wenzake hawajawa tayari kuitikia. Hivyo hasa ndivyo afanyavyo Ngoi katika Kyrie. Wimbo huo umejengwa juu ya kasala, maombolezo ya Waluba. Yeye huita, kwaya huitika, kisha huita tena kwa namna nyingine kidogo. Maneno ni machache mno. Kinachoyapa uzito ni sauti inayopanda kama ya mtu aliyefiwa. Sisi wahubiri, ambao huisoma sala hiyo kwa haraka ili tufike kwenye mahubiri, tuna la kujifunza hapo.

Mwaka huohuo wa 1958 kwaya yake ya wavulana na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin, ilizuru Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikaimba pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliitumia Sanctus yake katika filamu If...., na wengi waliijua sauti hiyo bila kulijua jina la mwenyewe.

Tuna lawama mbili. Ya kwanza ni lugha. Misa hii ilitangulia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hivyo mahadhi ya Waluba yalikubaliwa ilhali maneno yalibaki ya Kilatini. Luther, alipotayarisha Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526, alitaka maneno na sauti vitoke katika kinywa kimoja. Hata hivyo lawama hii si nzito sana, maana Ngoi hukitamka Kilatini kana kwamba alikisikia kwa nyanya yake.

Ya pili ni nzito. Misa hii ilizaliwa katika kuimba, waimbaji wakibuni palepale, noti zikaandikwa baadaye. Lakini jina lililoshikamana nayo ni la Haazen. Kazi ya padre ya kukusanya na kuongoza hatuipuuzi. Twasema tu kwamba abuniye mahadhi ni mtunzi. Katika Kanisa letu, wimbo wa Pasaka wa mwaka 1966 wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, uliotiwa katika mahadhi ya Kihaya, umechapwa ng'ambo kwa jina lake, na Howard Olson akatajwa kuwa mfasiri. Kumbe inawezekana.

Leo kwaya za Ulaya na Marekani huiimba Missa Luba kutoka vitabuni. Mwimbaji wa pekee hukazia macho noti, akifuata kwa uaminifu mikunjo ya sauti ambayo mwalimu wa Kamina aliibuni mwenyewe, hata mahali alipovuta pumzi.