Sufuria Tano za Pilau: Uhakiki wa Kikoa cha Siku ya Kiswahili

Makala haya yanahakiki meza ya chakula. Wapo watakaosema kwamba uhakiki ni wa riwaya, tamthilia na ushairi, na kwamba chakula ni cha kuliwa tu. Lakini meza ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda huiandaa kila tarehe 7 Julai ina watunzi, ina hadhira, na ina ujumbe ambao watunzi wenyewe hawakukaa wakaufikiria. Ujumbe huo ndio unaonisumbua.

Utaratibu wetu unajulikana. Hakuna fedha za kumlipa mpishi, kwa hiyo kila mmoja huleta chake. Orodha hupitishwa katika kundi la WhatsApp wiki mbili kabla, mtu huandika jina lake na chakula atakacholeta, na siku yenyewe tunakula pamoja baada ya hotuba. Waandalizi hukiita kikoa. Neno ni zuri, na nafurahi kulisikia likirudi mezani, maana siku hizi wataalamu wa kompyuta wanalitumia kwa anwani za tovuti. Hata hivyo, kikoa kama kamusi zinavyokieleza ni kula kwa shirika ambako watu huandaa kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Hiki chetu, ambacho wote hutoa siku moja, kinakaribia zaidi kula bia, ila sidhani kama yupo mwandalizi atakayethubutu kubandika tangazo la bia kwenye ubao wa idara.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Penye zamu, mwenye zamu hupika anachokijua, kwa sababu siku hiyo macho yote yako kwenye chungu chake. Penye orodha, mtu husoma kwanza wenzake wameandika nini. Wa kwanza akiandika pilau, wa pili hupata ujasiri wa kuandika pilau, na wa tatu huona aibu kuandika viazi vitamu. Ndivyo mwaka jana tulivyopata sufuria tano za pilau, chapati za kutosha kulisha kijiji, sambusa, mandazi, kachumbari, kreti za soda, na huko pembeni kabisa luwombo mmoja wa kuku na bakuli la malewa.

Niulizapo kwa nini pilau, jibu ni moja: leo ni siku ya Kiswahili, basi tunapika chakula cha Waswahili. Sina ugomvi na pilau. Ni chakula cha heshima huko Pwani, chakula cha harusi na cha Idi, na kikipikwa vizuri hakina mpinzani. Ugomvi wangu ni na hiyo "basi". Ina maana kwamba Kiswahili ni mgeni aliyetoka Mombasa na Unguja, na kwamba siku yake inapofika sisi wenyeji tunapaswa kuvaa nguo zake na kula vyakula vyake, kisha tarehe 8 turudi kwetu. Jambo hili si dogo katika nchi hii. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Bado wazazi wengi wanakikumbuka kama lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani, lugha iliyosemwa na mwenye bunduki. Sisi tunaosoma kozi hii ndio tutakaotumwa Mbale, Gulu na Mbarara kuwaambia watoto wao kwamba ni lugha yao pia. Tutawaambiaje hivyo iwapo kwenye sherehe yetu wenyewe chakula cha mama zao kimewekwa pembeni karibu na ndoo ya kunawia?

Na hicho tunachokiita cha Waswahili, kimezaliwa wapi? Pilau, biriani na sambusa yamekuja na majina yake kutoka Uajemi na India. Chapati ni ya India. Pwani ilivipokea, ikavitia iliki na karafuu zake, ikaviita vyake, wala haikuyatafsiri majina. Ndizi zenyewe tunazojivunia zilivuka bahari kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Basi uasili si kipimo kinachoweza kutusaidia hapa.

Hapo nafika kwenye vile vikadi. Waandalizi waliagiza kila chakula kiwekewe kikadi chenye jina la Kiswahili sanifu. Kikadi cha pilau kilisema pilau. Cha luwombo kilisema "kuku katika jani la mgomba". Malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wamasaba wa Mlima Elgoni huyakausha na kuyapika kwa karanga, yaliitwa "mboga ya mianzi", na watu walipita bila kuyagusa, kwa sababu nani ana hamu ya kula mwanzi? Nilimsikia mhadhiri mmoja akisifu usanifu wa lugha ya vikadi hivyo. Kwa heshima zote, mwalimu, sikubaliani nawe. Lugha iliyoweza kupokea chapati inaweza kupokea malewa. Neno limekwisha kuja na ma- yake, linaingia katika ngeli ya YA bila viza: malewa yameiva, malewa yamekolea chumvi. Matoke yalipita njia hiyo hiyo zamani. Eshabwe ingekaa katika I-ZI. Luwombo ndio wenye mjadala, maana lu- ya Kiganda ndiyo u- yetu, kama olulimi na ulimi. Mimi nimeuweka katika ngeli ya U, na mwenye hoja nyingine aje tubishane. Mjadala wa namna hiyo ungeifaa Siku ya Kiswahili kuliko hotuba ya nne.

Tuje kwenye mapishi, ambako uteuzi mbaya uliadhibiwa. Chakula cha kikoa hakiliwi kinapoivia. Kinasafiri kwa bodaboda au teksi, kinasubiri mgeni rasmi, kinasubiri maombi, kisha kinasubiri picha. Pilau la watu ishirini linahitaji sufuria pana, vitunguu vilivyokaangwa kwa subira hadi viwe rangi ya kahawia, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Mwanafunzi wa hosteli mwenye jiko moja la umeme hupata juu mchele mbichi na chini ukoko. Sufuria tatu kati ya zile tano zilikuwa hivyo, zikiwa na viungo vya unga wa pakiti ambavyo havikukaangwa vya kutosha. Tena kuna hatari isiyozungumzwa: wali uliopikwa alfajiri ukakaa vuguvugu hadi saa nane mchana unaweza kuwaharisha watu, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vyake huvumilia hata kuchemshwa. Wali ama uwe moto kweli, ama usiletwe.

Luwombo, ambao husimuliwa kuwa ulianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga, ni kana kwamba ulibuniwa kwa safari. Jani changa hubabuliwa motoni lilegee, nyama na mchuzi hufungwa ndani, na mvuke hufanya kazi kwa saa kadhaa. Kifurushi hakimwagiki, hukaa na joto lake, na kila mlaji hufungua chake. Ule mmoja wa mwaka jana ulifunguliwa saa tisa ukiwa bado unafuka. Eshabwe ya Ankole, samli iliyopigwa kwa maji baridi na chumvi ya mwamba hadi ikawa nyeupe, huliwa ikiwa baridi kwa asili yake, na haikuletwa na mtu hata mmoja. Malakwang ya Waacholi na Walango, kwa viazi vitamu, ingevumilia kusubiri pia. Kwa haki niseme kwamba si kila cha kwetu kinafaa: matoke yakipoa hukakamaa, na anayetaka kuyaleta ayalete na majani yake yote, ayafungue watu wakiwa wameshika sahani.

Kuchagua ni pamoja na kujua nani atakula. Tulikumbuka Waislamu, nyama zote zilikuwa halali, na hilo nalipongeza. Karanga hazikutajwa kwenye kikadi chochote, ingawa wapo ambao koo linawavimba wakizionja. Halafu kuna miziro ya Kiganda: mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, wa Mamba hali kambare-mamba, na mwenyeji anayejua adabu huuliza kabla ya kupakua. Wahadhiri wetu hutufundisha miiko hiyo katika somo la fasihi simulizi, kisha wote tunaisahau tukifika mezani.

Ipo pia hesabu ya mikono. Ukiisoma orodha upya utaona kwamba wavulana waliandika soda na vikombe vya karatasi, wasichana wakaandika kila kinachohitaji moto. Kisha wasichana wale wale walikosa hotuba mbili za asubuhi kwa sababu walikuwa wanapasha chakula joto nyuma ya ukumbi. Kreti ya soda inabebwa kwa dakika kumi. Kumenya malewa, kuyaloweka na kuyachemsha mara kadhaa ni kazi ya tangu jana yake.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kamati ya mwaka huu. Orodha isianze na nafasi tupu. Ianze na mafungu: cha wanga, cha mboga, mchuzi, nyama, kinachoweza kuliwa baridi. Pilau iwe sufuria moja, ipikwe hapa hapa chuoni na watu wawili wanaoijua, mmoja wao mvulana. Kila kikadi kibebe jina ambalo mpishi hulitumia nyumbani kwao, na chini yake sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza kilichomo, karanga zikiwemo. Mimi nimeshaandika eshabwe, na natafuta wa kuleta kalo.