"Ana Taban": Lugha ya Waliochoka

Msomaji wa Kiswahili afikapo Hai Mauna, mmoja wa mitaa ya mji wa Juba, hukwazwa kwanza na maneno yafananayo na yake. "Hai" hapa si uhai; ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa. Na amsikiapo mtu akisema "ana taban" kwa Kiarabu cha Juba, hudhani yasemwa habari ya mtu wa tatu mwenye kitu fulani. Kumbe "ana" ni "mimi", na "taban" ni ndugu wa "taabani" yetu, ile ya "hoi taabani". Msemaji asema: nimechoka.

Twaanza na sarufi kwa kuwa mwaka 2016, baada ya mapigano ya Julai mjini Juba, wasanii vijana wa Sudan Kusini waliyatwaa maneno hayo wakayafanya jina la harakati yao, Anataban. Nchi yao, iliyopata uhuru mwaka 2011, ilikuwa vitani tangu Desemba 2013. Walichora picha kutani, wakaimba, wakaghani mashairi, wakaigiza michezo barabarani, mahali ambapo mtazamaji hatozwi kiingilio.

Wapo wahakiki watakaosema kuwa kuchoka si kupinga. Kwao upinzani ni mgomo na ngumi iliyoinuliwa, na fasihi ya upinzani ni ile imtajayo mnyonyaji waziwazi. Hoja yao ina uzito. "Nimechoka" ni sentensi isiyosema nani kachosha. Hata mwenye lawama aweza kuiimba, akapiga makofi, akaenda zake. Lakini katika vita vilivyowagawa watu kwa makabila, sentensi hiyo ina nguvu ambayo shutuma haina: mtu wa upande wowote aweza kuitamka bila kuonekana amewasaliti wa kwao. Nafsi ya kwanza umoja, isiyo na kabila! Sisi twaona kwamba huo ni uteuzi wa maneno wenye busara, hata kama una gharama yake.

Kati ya picha na mchezo, twapendelea mchezo. Ukuta husema neno lake mara moja, nao mpita njia hana wa kumjibu. Mchezo wa barabarani hujibiwa papo hapo, na huweza kubadilika kesho yake. Wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, nchini Kenya, waliirekebisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda katika mazoezi, wakiwasahihisha watunzi wake wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1977, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Kitabu chake cha Petals of Blood, kilichotoka mwaka huo huo kwa Kiingereza, hakikupigwa marufuku.

Lakini kazi iliyotugusa kuliko zote haikuwa na neno hata moja la kusemwa. Desemba 2017 mamia ya wanawake waliandamana mjini Juba wakipinga vita, kimya kimya, vinywa vimezibwa kwa utepe. Mwaka 1992, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa pamoja na Wangari Maathai walishambuliwa na polisi. Baadhi yao wakavua nguo. Hao walitumia laana ya mama, ambayo kila askari aliifahamu tangu utotoni. Wa Juba walitumia jambo gumu zaidi kulisoma, yaani kimya. Msomaji wa kanga halimshangazi: amekwisha kuona mwanamke akipita bila kufungua kinywa na mtaa mzima ukajua amesema nini.

Tarehe 21 Desemba mwaka huo, pande za vita zilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano mjini Addis Ababa. Hatudai kwamba wanawake wale ndio walioufanikisha. Siku chache baadaye mkataba ulikuwa umekwisha kuvunjwa.