Upepo Hauuzwi Feri

Kutoka Manzese huoni mlingoti hata mmoja. Ukipanda daraja la waenda kwa miguu pale Darajani utaona mabati, marobota ya mitumba, foleni ya Barabara ya Morogoro na mabasi ya mwendokasi yakielekea mjini. Bahari iko huko huko yanakokwenda, mwisho wa njia, kituo cha Kivukoni, jirani na soko la samaki la Feri. Hata hivyo, mtu akitaka kuuelewa uvuvi wa bahari kuu, ukiwamo ule wa matajiri wanaokodi boti za injini mbili ili wakapambane na sulisuli, mimi ningemshauri aanzie hapa, mbele ya karai la mafuta.

Mama anayekaanga samaki jioni karibu na Tip Top hana boti wala hajawahi kulala baharini. Lakini mwezi wa 7 ukimuuliza mbona vipande vya jodari vimekuwa vyembamba, hatakutajia mfumuko wa bei. Atageuza kipande, atapunguza moto, kisha atakujibu: "Kusi hiyo, mwanangu. Watu hawatoki." Maneno hayo machache ndiyo somo zima la nahodha. Kuna watu kule Msasani waliolipa fedha nyingi za kigeni wasijifunze hata nusu yake.

Sifa za uvuvi wa kujifurahisha kwa kawaida huishia kwenye picha: mtu amesimama kando ya samaki mrefu kuliko yeye, fimbo mkononi, pua imebabuka kwa jua. Picha haionyeshi kitu kilichofanya kazi kubwa zaidi siku ile, ambacho ni tarehe. Boti hukodiwa, mshipi hununuliwa, ndoano na chambo cha plastiki chenye rangi za kitenge huagizwa kutoka ng'ambo. Upepo haupatikani dukani. Ndiyo maana ufundi ninaousifu hapa ni wa kujua lini, na anayeujua vizuri mara nyingi ndiye aliyekaa nyuma ya usukani, nje ya picha.

Mwaka wa pwani yetu una pepo mbili kuu. Kaskazi huanza kushika mnamo Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi, wakati bara la Asia limepoa na hewa yake nzito inasukumwa kuja huku. Kusi huchukua nafasi yake baada ya hapo. Kuanzia Mei hadi Septemba nchi kavu ya Asia imepata moto na inavuta hewa kutoka kusini. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi kutoka Oman na Uhindi na kuyarudisha kwao, na mfanyabiashara aliyechelewa kuuza pembe zake alilazimika kukaa Unguja hadi upepo wa kumrudisha nyumbani. Katikati kuna vipindi vya kugeuka. Masika huja na mvua, maji ya mito hutia tope baharini, na upepo hauna msimamo. Oktoba na Novemba huja matlai, upepo wa mashariki, na bahari hutulia kiasi kwamba hata mgeni hujiona nahodha.

Chini ya pepo hizo kuna mkondo usiogeuka. Kwenye pwani ya Tanzania maji ya bahari kuu hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma huyasukuma kwa nyuma, na mwendo wake unaweza kufikia noti 4. Kaskazi ikivuma huyakabili usoni yakapunguza kasi. Hapa ndipo mgeni anapodanganyika. Akisikia kwamba kaskazi ni dhaifu kuliko kusi hudhani bahari yake ni laini siku zote. Upepo unaokwenda kinyume cha mkondo huyasimamisha mawimbi, yakawa mafupi na yaliyobanana, na boti hupigwa tumboni bila kupumua. Mawimbi ya kusi ni makubwa, lakini ni marefu. Unapanda, unashuka, unajua linalofuata. Nahodha mzuri huuliza kwanza kama upepo na maji vinakwenda upande mmoja au vinagombana, kabla hajauliza upepo una nguvu kiasi gani.

Ugomvi huo huo ndio unaoleta samaki. Kaskazi inapovuma, mkondo unaotoka kwetu hukutana upande wa kaskazini mwa Kenya na mkondo unaoshuka kutoka Somalia. Pale inapogongana, maji ya chini yenye chakula huinuka, samaki wadogo hukusanyika, na sulisuli huwafuata. Kwa sababu hiyo Malindi na Watamu huwa na sifa ya sulisuli kuanzia Desemba hadi Februari hivi, na kwa sababu hiyo boti nyingi za uvuvi wa burudani huko Kenya hupandishwa nchi kavu kati ya Aprili na Julai. Ernest Hemingway alipokuja kuvua pwani ya Kenya mwaka 1934, baada ya kuwinda bara, alikuta kaskazi. Wanaomsimulia husimulia bunduki na chupa. Ningependa siku moja nisome habari za mabaharia waliomwambia waelekee wapi asubuhi ile.

Sisi wa Dar es Salaam tuna ugumu wetu. Mlango wa bahari kati yetu na Unguja hauna kina kikubwa. Samaki wakubwa wa maji ya buluu wako nje yake. Wenye boti huenda hadi kisiwa kidogo cha matumbawe kusini-mashariki mwa Unguja, ambacho ramani hukiita Latham na mabaharia Fungu Kizimkazi. Hakina mti, hakina maji ya kunywa, kimejaa ndege wa baharini na kinyesi chao. Lakini kimeinuka peke yake kutoka kwenye kina kirefu, na mkondo ukikigonga hulazimika kupanda na kujigawa. Wadogo huja kula, kolekole na nguru huja kuwala wadogo, jodari na sulisuli huzunguka nje. Safari ya kwenda huko haifanywi kwa kusi iliyokaza. Matlai ni mlango wake, na siku tulivu za kaskazi.

Sasa, pepo ni nusu tu ya hesabu. Mvuvi wa Kiswahili hubeba kalenda mbili kichwani, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko mhasibu. Maji hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi, na katika pwani hii siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Kati ya siku hizo huja maji mafu, bahari ikawa kama imechoka kusogea. Kwa hiyo anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua pia maji yako wapi, bila kufungua simu.

Upepo haufuati mwezi. Upepo hufuata jua, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani huweza kuangukia kaskazi na baada ya miaka ikaangukia kusi. Wazee walitatua jambo hilo kwa mwaka wa Nairuzi, uliotoka Uajemi, wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo, kila mwongo siku 10. Kwa miongo walijua lini kupanda na lini kutweka tanga. Makunduchi bado wanausherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa, vijana wakichapana kwa migomba, na watalii hupiga picha wasijue kwamba wamehudhuria ufunguzi wa kalenda ya mabaharia. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo huteleza siku 1 kila miaka 4. Hesabu ya babu haifai kukaririwa kama ilivyo. Inatakiwa irekebishwe na mtu anayetazama mbingu. Kanuni pekee haitoshi.

Manzese nayo imo ndani ya kalenda hizo. Pita jioni kwa muuza supu ya pweza, yule mwenye sinia, kisu na vijiti vya meno. Pweza wengi huchokolewa miambani na watu wanaotembea kwa miguu, na miamba hiyo hufunuka vizuri wakati wa bamvua. Maji mafu yakiingia, sinia hupungua. Dagaa wa baharini nao wana ratiba kinyume cha waimbaji wa mapenzi: huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbele ya mbalamwezi. Mwezi mpevu, ambao washairi huusifu, ni likizo ya mvuvi wa dagaa.

Rudi kwa nahodha wa boti ya kukodi. Anaamka kabla ya alfajiri kuusikia umande, upepo mwembamba unaotoka nchi kavu, ambao tangu zamani ndio huwatoa wavuvi nje asubuhi. Ukikosekana, ana swali. Anatazama mawingu upande wa mashariki. Akifika maji ya buluu anatafuta mstari ambapo rangi hubadilika, takataka zilizojipanga, gogo linaloelea, na zaidi ya yote ndege: wanaopita moja kwa moja wana safari zao, wanaojirusha majini wamekuta jambo. Ndipo hupunguza mwendo na kuburuza mishipi nyuma. Mteja huona bahati. Baadhi ya wateja humrudisha sulisuli baharini wakishamtia alama, na huko Watamu shirika la African Billfish Foundation hutunza kumbukumbu za samaki wa namna hiyo. Ukimweleza mkaanga samaki wa Manzese kwamba mtu amepigana na samaki saa nzima kisha akamwachia, atakutazama kwa huruma. Mimi sioni ubaya. Ni bora kuliko baruti, ambayo huua miamba pamoja na samaki na imepigwa marufuku miaka mingi sasa.

Lakini kipimo cha nahodha ni siku asiyokwenda. Mteja amelipa, amefika na kofia yake mpya, tiketi yake ya ndege ni ya keshokutwa, na jua linawaka. Nahodha anatazama nje ya mwamba, anaona meupe yanavyovunjika, anasema, "Samahani bwana, leo hatutoki." Anapoteza fedha kwa sentensi hiyo. Bahari hii ina kumbukumbu za kumtetea. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka, na watu wengi wakafa. Kimbunga, ambacho tumezoea kukiona ni cha Msumbiji na Madagaska, kiliwahi kuipiga Unguja Aprili 1872 kikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi; na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari. Tarehe zote tatu ziko kati ya Aprili na Julai. Utabiri wa kwenye simu ni msaada mkubwa, na mvuvi anayeudharau kwa jina la mila simsifu. Ila simu husema upepo wa pwani nzima; haisemi lango hili, mwamba huu, na boti hii yenye injini iliyokohoa jana.

Watu wa bahari hawakai bure wakisubiri. Kusi ni wakati wa kupandisha vyombo. Kwenye mashua za mbao huingia ukalafati, pamba ikigongwa katika nafasi za mbao. Chini hukwanguliwa na kupakwa upya. Nyavu hushonwa. Boti za faiba za wenye nacho hupelekwa kwa fundi wa injini, ndoano hubadilishwa, na vijana wa boti hufundishwa mafundo ambayo mwezi wa Januari hakuna mwenye nafasi ya kuyaeleza.

Manzese nayo hubadili. Yule mama hununua sato na sangara waliotoka Ziwa Victoria, na dagaa wa Mwanza, ambao hawana habari na kusi. Wateja wake hawakufunga safari kumfuata jodari; wanataka samaki na ugali, na sato ni samaki. Mnamo Oktoba hurudi Feri alfajiri, husimama mnadani, huona jodari wamelazwa wengi sakafuni, naye hahitaji kuambiwa kwamba matlai imeingia. Dalali hutaja bei kana kwamba bado ni Julai. Hapo ndipo wanapoanza kubishana.