“Spea zake hazipo”: sentensi inayoua redio nzima

Kuna sentensi ambayo kila mwenye redio ya zamani ameshaisikia: “Spea zake hazipo siku hizi.” Nimeisikia Majengo hapa Dodoma, nimeisikia Kariakoo na, niseme ukweli, nimewahi kuitamka mwenyewe kwa kujiamini kabisa mbele ya babu yangu nyumbani Mkonze. Leo nataka kuihakiki sentensi hiyo kama watu wanavyohakiki kitabu. Inasema nini? Ina ukweli kiasi gani? Na inamfanya nini mtu anayeiamini?

Nianze na redio yenyewe. Babu alikuwa na Philips ya transista saba, ya mawimbi ya kati na mafupi, aliyoinunua miaka ya 70 baada ya kuuza ng'ombe. Siku hizo redio ilikuwa shule. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania, halafu wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Na redio nyingi hazikuja kutoka ng'ambo zikiwa zimekamilika. Zilikusanywa hapa hapa, Philips wakiwa na kiwanda Arusha na Matsushita, wale wa jina la National, wakiwa Dar es Salaam. Yaani kulikuwa na Watanzania ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuchomelea transista kwenye bodi.

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, redio ya babu ilianza kuumwa. Ukiiwasha, badala ya sauti ilitoa mlio wa put-put-put kama pikipiki inayokataa kuondoka. Nikaifungua. Nikaona transista mbili za mwisho zimeandikwa AC128, nikajua ni za jemaniamu, nikajua hazitengenezwi tena. Nikamwambia, “Babu, hii spea zake hazipo, ila nitakutafutia mbadala.” Akasema, “Haya mjukuu wangu, wewe ndiye umesoma.”

Sasa tusimame hapo kidogo, maana ndipo uhakiki unapoanzia. Ndani ya redio kama ile kuna vifaa vidogo kati ya hamsini na mia. Vingi ni rezista na kapasita. Ukisema “spea hazipo” umevihukumu vyote kwa mpigo, ilhali sehemu kubwa ya vifaa hivyo inatengenezwa hadi leo, tena kwa wingi kuliko wakati wowote. Kapasita ya mikrofaradi 100 ya mwaka 1968 na ya mwaka huu zinafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba ya leo ni ndogo kwa umbo na inauzwa kwa shilingi mia chache.

Na kapasita hizo za aina ya elektroliti ndizo hufa mapema zaidi. Ndani yake kuna majimaji yanayopitisha umeme, na kadiri miaka inavyokwenda yanakauka. Kwa joto letu la Dodoma yanakauka haraka zaidi. Kapasita kubwa inayokaa sambamba na betri kazi yake ni kutuliza umeme, kama mtungi unaohifadhi maji ili bomba likikatika sekunde mbili usikose. Ikikauka, kila transista ya mwisho inapovuta umeme mwingi, volti za redio nzima zinashuka, sauti inakatika, volti zinapanda, sauti inarudi, zinashuka tena. Put-put-put.

Umeshaelewa ninakoelekea. Ugonjwa wa redio ya babu ulikuwa kapasita. Mimi sikupima. Niliona namba ya zamani kwenye transista nikatangaza msiba.

Lakini tuitendee haki sentensi yetu, kwa sababu ina sehemu ambayo ni kweli. Transista za jemaniamu zimeadimika kweli. Watu wengi hudhani ni kwa sababu madini yenyewe yamekwisha. Hapana. Jemaniamu bado inachimbwa na kusafishwa, inatumika kwenye nyaya za mawasiliano ya mwanga na kwenye lenzi za kamera za kuona joto, na tangu Agosti 2023 China imeweka masharti ya kuiuza nje kwa sababu ya umuhimu wake. Kilichokwisha ni sababu ya kutengenezea transista za kawaida kwa jemaniamu.

Transista ya kwanza ya mwaka 1947 kule Bell Labs, Marekani, ilikuwa ya jemaniamu, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilitumia nne za aina hiyo. Tatizo lake ni joto. Hata ikiwa imezimwa, transista ya jemaniamu inavujisha umeme kidogo, na uvujaji huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Chukua redio iliyoachwa dirishani juani mwezi wa kumi na moja, ndani yake ikafika nyuzi 50. Ukilinganisha na asubuhi ya nyuzi 20, uvujaji umezidi mara nane. Silikoni inavuja kidogo mno na inavumilia joto kubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1954 Texas Instruments walitoa transista ya kwanza ya silikoni ya kuuzwa, na baada ya hapo jemaniamu ikaanza kusukumwa pembeni.

Zilizobaki duniani ni akiba za maghala na zile zilizomo ndani ya redio kuukuu. Na wanaozigombea si mafundi redio peke yao. Wapiga gitaa wanazitaka pia, kwa sababu vifaa vya kukwaruza sauti kama Fuzz Face ya mwaka 1966 vilitumia transista za jemaniamu na wao wanaupenda mkwaruzo ule. Mwenye dola anashinda, na fundi wa Mkonze hayupo kwenye mnada huo.

Basi ningeweza kuweka silikoni badala yake? Hapo ndipo nilipoharibu. Transista ya jemaniamu inaamka ikipata takribani volti 0.2 hadi 0.3 kwenye mguu wake wa kuiamuru. Ya silikoni inahitaji karibu 0.6 au 0.7. Redio ya babu ilikuwa imepangwa kutoa volti za jemaniamu. Nilipochomeka silikoni, zilikuwa kama mtu unayemwita kwa kunong'ona ilhali amelala fofofo. Sauti ikawa inakwaruza, hasa ikiwa chini. Nikabadilisha rezista kwa kubahatisha ili kuongeza volti. Nikaongeza mno. Transista zikachemka, zikaungua, na zilipoungua zikapitisha umeme moja kwa moja kwenye transfoma ndogo ya sauti. Waya wake mwembamba kama unywele ukakatika.

Transfoma ile haiuzwi popote. Kwa hiyo fuatilia mahesabu yangu: nilitafuta kifaa kisichopatikana, nikaua kifaa kisichopatikana, wakati kilichokuwa kimekufa kinauzwa kila duka la vifaa vya umeme. Uhaba haukuniletea hasara. Imani yangu juu ya uhaba ndiyo iliyoniletea.

Na si mimi tu. Kuna transista za Philips za familia ya AF114 hadi AF117, zenye miguu minne, zilizofungwa ndani ya kikopo kidogo cha chuma. Zina ugonjwa wa ajabu: madini ya bati yaliyopakwa ndani ya kikopo huotesha vinywele vyembamba kuliko unywele wa binadamu. Vinaota vyenyewe, taratibu, kwa miaka, hata redio ikiwa imezimwa kabatini. Siku kinywele kikigusa mguu wa ndani, umeme unapotelea kwenye kikopo na redio inakuwa bubu. Usicheke, ugonjwa huu si wa redio za wazee tu. Mwaka 1998 setilaiti ya mawasiliano Galaxy IV ilipotea kwa sababu ya vinywele kama hivyo.

Fundi asiyejua hili atasema AF117 imekufa na mbadala haupo. Anayejua atakata mguu mmoja, ule wa nne uliounganishwa na kikopo. Mara nyingi redio inarudi kuimba palepale. Si kila mara, kwa sababu vinywele vikiwa vimegusa miguu miwili ya ndani kwa pamoja, kukata ule wa nje hakutoshi. Lakini gharama ya kujaribu ni mkasi.

Sasa tuje kwenye matibabu yanayopendwa zaidi mitaani: kuitoa redio utumbo. Fundi anang'oa bodi yote ya zamani, anaweka kibodi cha Kichina chenye FM, USB na bluetooth, taa ya bluu inawaka, mteja anaambiwa redio imepona. Sitaki kumkejeli fundi. Analipwa kidogo, mteja anataka muziki jioni hii, na kibodi kile ni rahisi na kinafanya kazi. Kwa redio iliyooza kabisa ni suluhisho la heshima.

Ninachokihakiki ni neno “imepona”. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ukivuka milima kadhaa yanakuacha. Mawimbi ya kati na mafupi usiku huakisiwa na tabaka la juu la anga na kukufikia kutoka mbali sana. Redio iliyotolewa utumbo haina tena masikio hayo. Na ile bodi iliyong'olewa inakwenda wapi? Inakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, inapimwa kwa kilo. Fimbo ya feraiti, koili, kapasita ya kuzungusha stesheni, AC128 mbili nzima, vyote vinauzwa kwa bei ya uzito wa shaba. Kesho yake fundi huyohuyo anamwambia mteja mwingine spea hazipo. Haongopi. Alizitupa jana.

Najua pingamizi. Mtu atasema: wewe unalilia makumbusho, vijana wana simu, stesheni nyingi zimehamia FM na intaneti. Hoja hiyo nusu nimeikubali. Siwezi kumwambia mtu mwenye simu mkononi atunze Philips kwa ajili ya taarifa ya habari. Ila mimi leo nafanya utafiti wa vihisi vya unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya mtama, na nimepitia shahada mbili za elektroniki. Nikikuonyesha simu, siwezi kukuonyesha transista hata moja, ziko mabilioni ndani ya kipande kimoja cheusi. Kwenye redio ya babu ningekuonyesha zote saba kwa kidole: hii inashika wimbi, hizi zinalikuza, hii inasukuma, hizi mbili zinaiamrisha spika. Wanafunzi wetu wengi wanajifunza saketi kwenye programu ya kompyuta, ambako kapasita haikauki na waya haukatiki. Mimi nilikuwa mmoja wao, na matokeo yake umeyasoma.

Kwa hiyo kama una redio ya zamani, au kijana wako anapenda kuchokonoa, mpangilio wangu sasa ni huu. Anza na vya bei rahisi: safisha kutu kwenye vishikio vya betri, safisha kitufe cha sauti na swichi ya mawimbi, badilisha kapasita za elektroliti. Usiguse transista kabla ya hapo. Ikibidi kununua transista ya jemaniamu, nenda na mita, hata ile ya bei ya chini, uweke kwenye kipimo cha dayodi. Jemaniamu halisi itasoma karibu 0.2 au 0.3. Ikisoma 0.6 umeuziwa silikoni iliyofutwa namba na kuandikwa upya, na bandia za namna hiyo zipo. Na ukiamua kuitoa redio utumbo, utumbo usiutupe. Uweke kwenye kopo, uandike jina la redio juu.

Mimi kopo langu lilikuwa na zile AC128 mbili nilizong'oa. Nilizipima miaka minne baadaye, nikiwa nimeshamaliza shahada ya uzamili. Zilikuwa nzima. Nikapima na ile kapasita kubwa ya kwenye bodi: ilikuwa imekauka. Transista nimempa fundi mmoja hapa Mkonze, zinaimba kwenye redio ya mtu mwingine.

Nilimweleza babu. Alikuwa anamenya karanga, redio yake iko kabatini na taa yake ya bluu.

“Kwa hiyo iliumwa nini hasa?”

“Kapasita, babu.”

“Inauzwa bei gani hiyo?”

Nikamtajia. Hakusema kitu, akaendelea na karanga zake. Baadaye kidogo akauliza kama hii mpya kweli haiwezi kushika usiku.

Siku fundi akikwambia spea hazipo, muulize kwa adabu: ipi? Na amejuaje kwamba hiyo ndiyo iliyokufa?