Atakufa au Atakufaa: Uandishi wa Kutelezesha Kidole katika Kiswahili

Pinyin ya Kichina, iliyoidhinishwa mwaka 1958, ina silabi takriban 400 tu zisipohesabiwa toni. Kidole kinachoteleza juu ya kioo cha simu huchagua ndani ya orodha fupi. Kitenzi cha Kiswahili, pamoja na viambishi vyake, hakina orodha ya namna hiyo. Tena mtelezo hauonyeshi herufi iliyorudiwa: atakufa na atakufaa hufuata njia moja, na programu ndiyo huamua nani afe. Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma, huitegemea programu hiyo hiyo impe ritifaa ya mtaa wake. Ikikosekana, ng'oa husomeka ngoa, yaani wivu. Uchanganuzi wa viambishi ungesaidia kuliko orodha ya maneno mazima, ijapokuwa hautatenganisha atakufa na atakufaa pasipo muktadha wa sentensi.