"Mtoto wa mjini" si "urban"

Ukimwita kijana wa Nairobi "mtoto wa mjini", atatabasamu. Umemsifu kwamba ni mjanja. Sasa jaribu kutafsiri jina la kitabu cha picha cha Simon Wheatley, Don't Call Me Urban!, kilichotoka mwaka wa 2010. "Usiniite wa mjini"? Hapo tafsiri inakwama, maana kijana wa mashariki mwa London anakataa kitu kingine kabisa. "Urban" lilikuwa neno la kampuni za muziki: rafu ya kuwekea nyimbo za watu weusi bila kutamka kwamba ni weusi.

Wheatley aliupiga picha muziki wa grime ukiwa bado mchanga, katika magorofa ya kaunsili ya Bow na mitaa jirani, enzi ambapo ulisikika zaidi kwenye redio zisizo na leseni kama vile Rinse FM ya wakati huo. Hata jina halikuwa limetulia. Mwaka wa 2004 Wiley alitoa wimbo mzima wa kuuliza mtindo huu uitwe nini. Grime ni uchafu uliogandamana, tuseme masizi ya sufuria, na waimbaji wakalivaa jina hilo bila haya. (Sisi tulikuwa na genge, neno letu wenyewe la kundi.)

Uzuri wa picha hizi ni kwamba hazikungoja jina. Ngazi za magorofa, studio iliyobanana, vijana wameketi tu: unaona muziki unakotoka.

Lakini nina tatizo nazo. Picha haina sauti, na grime ni maneno: mapigo kama 140 kwa dakika, matamshi ya London yaliyochanganyika na ya Jamaika. Ondoa maneno hayo, na kinachobaki ni kijana aliyejifunika kofia ya sweta gizani. Jicho lililokwisha kumhukumu halihitaji zaidi. Polisi wa London walikuwa na Fomu 696, iliyoanza 2005 na kufutwa 2017, ambayo awali iliwauliza waandaaji wa shoo hata asili ya watu watakaohudhuria.

Ndiyo maana naona jina la kitabu linafanya kazi iliyoishinda kamera. Tazama kile kiambishi -ni- katika "usiniite": kijana hatimaye anajibu mwenyewe. Ila jaladani, aliyetajwa kuwa mwenye kitabu ni mpiga picha.