Bima Isomwe Kuanzia Mwisho: Mwongozo kwa Anayehama Nchi

Katika mashamba ya maua ya Nduruma, mpanga maua mzoefu haliamini ua la waridi kwa rangi yake asubuhi linapokatwa. Hupima urefu wa shina, hukagua majani na kukibonyeza kichwa taratibu, maana anajua ua hilo litahukumiwa siku nyingi baadaye, likiwa ndani ya maji sebuleni kwa mtu huko Ulaya. Bima ya afya ya mtu anayehama nchi inastahili jicho kama hilo. Siku ya kununua, kila bima inapendeza. Ubora wake hudhihirika siku mwenye bima amelazwa ugenini na karani wa hospitali anauliza nani analipa.

Kandokando ya Mlima Meru wapo wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani au Marekani, wapo wanaofuata kazi za ndani Uarabuni, wapo wanaohamia Nairobi. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Bei ina nafasi yake, lakini yapo mambo yanayotangulia.

Yasiyolipiwa kwanza

Kijitabu chenye picha kiweke pembeni. Omba mkataba wenyewe, kisha fungua sehemu inayotaja mambo ambayo bima haitayalipia. Hapo ndipo mkataba mzuri na mkataba dhaifu hutengana. Mkataba mzuri hutaja magonjwa kwa majina, husema afya yako itachunguzwa kurudi nyuma miaka mingapi, na hukujibu kwa maandishi kama presha au kisukari chako kimekubaliwa, kimeongezewa ada au kimeachwa nje. Mkataba dhaifu husema tu kwamba hautalipia chochote chenye uhusiano na hali iliyokuwepo kabla. Kwa maneno mapana kama hayo, mwenye presha akipata kiharusi anaweza kukataliwa bila mjadala.

Kwa hiyo fomu ya afya ijazwe ukweli wote. Wakala anayekushauri usitaje ugonjwa wako ili ukubaliwe haraka anakuuzia karatasi tupu: ugonjwa uliofichwa humpa mwenye kampuni sababu halali ya kukataa kulipa.

Sisi wa huku tuna jambo letu la ziada. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi, na kuanzia Ngurdoto hadi Maji ya Chai watu wengi wamekua na meno ya kahawia. Bima nyingi za muda hulipia jino pale tu linapouma ghafla au linapovunjika kwa ajali. Matibabu ya rangi ya meno huhesabiwa kuwa urembo. Anayesafiri amalize shughuli za meno kabla ya kuondoka, au atafute bima inayotaja meno waziwazi pamoja na kiwango chake.

Bima ya viza si lazima iwe bima ya kuishi

Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hudai bima isiyopungua euro 30,000. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, huwatoza wageni dola 44 kwa bima ya siku 92. Bima za aina hii zimetengenezwa kwa ajili ya dharura ya mpita njia. Hazikusudiwi kumhudumia mtu wa kliniki kila mwezi, wala mjamzito anayesubiri kujifungua huko huko.

Anayehama lazima ajue mfumo wa nchi anayokwenda. Ujerumani, mwanafunzi wa chuo aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida huingia kwenye bima ya umma kwa ada ya wanafunzi. Akiomba kuachiliwa ili achukue bima binafsi ya bei nafuu, uamuzi huo humfunga kwa muda wote wa masomo yake. Uingereza, mwombaji wa viza ya muda mrefu hulipa ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Ada hiyo humfungulia huduma za umma, lakini haimrudishi nyumbani akiugua sana. Na kwa anayekwenda Falme za Kiarabu, tangu Januari 1, 2025 mwajiri katika emirati zote anapaswa kumkatia bima mfanyakazi wake, hata wa kazi za ndani. Dai kadi yako uwe nayo mkononi, na usikubali gharama yake ikatwe kwenye mshahara wako.

Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hutumika kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko huo hapa Tanzania. Usiitegemee ugenini, lakini usiiache ife ikiwa wazazi na watoto wanabaki wakiitumia.

Nani anatoa fedha kwanza

Zipo bima zinazolipa hospitali moja kwa moja, na zipo zinazokutaka ulipe mwenyewe kisha udai. Kwa mwanafunzi asiye na akiba, aina hii ya pili inaweza kumaanisha kutotibiwa kabisa. Uliza kama kampuni hutuma barua ya dhamana hospitalini, na huchukua muda gani kuituma. Kisha jaribu: kabla ya kulipa, piga namba yao ya dharura usiku wa manane. Ikipokelewa na mtu anayeweza kuamua, hiyo ni alama kubwa ya ubora. Halafu piga hospitali iliyo karibu na utakapoishi, uulize kama wanaipokea bima hiyo. Jibu la hospitali lina uzito kuliko orodha ya kampuni.

Vikomo vilivyofichwa ndani ya kikomo

Dola milioni moja kwenye ukurasa wa mbele zisikupumbaze. Ndani kuna vikomo vidogo: vya kitanda, dawa, uzazi, gari la wagonjwa. Uzazi mara nyingi una kipindi cha kusubiri cha miezi 10 au zaidi, kwa hiyo bima iliyonunuliwa baada ya mimba kuingia haitasaidia.

Angalia pia sehemu utakayochangia mwenyewe: je, ni mara moja kwa mwaka au kwa kila ugonjwa? Je, ina mwisho? Asilimia 20 isiyo na mwisho, kwenye upasuaji mkubwa, inaweza kumfilisi mtu. Ikiwa na mwisho uliotajwa, inapangika.

Safari ya kurudi

Tangu Arusha iwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baadaye ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tumeishi na wageni wanaolijua vizuri suala la kusafirishwa wakiugua. Amref Flying Doctors, huduma iliyoanza mwaka 1957, huruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kufuata wagonjwa wa ukanda huu. Nasi tunapoondoka tuwe na umakini huo huo.

Marekani imeweka kipimo kizuri kwa wenye viza ya J-1, yaani ya programu za kubadilishana wageni: angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, dola 25,000 za kurudisha mwili, na mchango wa mgonjwa usiozidi dola 500 kwa kila tukio. Kipimo hiki kitumie popote unapokwenda kukagua kama mambo hayo manne yametajwa, kila moja na kiasi chake. Kurudisha mwili ni jambo gumu kulizungumza mezani, lakini familia zinazochangishana wakati wa msiba zinajua uzito wake.

Muuzaji na familia

Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mgogoro na kampuni ya hapa unaweza kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukinunua kwa kampuni ya nje kupitia intaneti, uliza kabla ya kulipa ni sheria ya nchi gani itatumika na malalamiko hupelekwa wapi.

Ukishachagua, acha nakala ya mkataba nyumbani, pamoja na namba ya bima na simu ya dharura, na umweleze mmoja wa familia maana yake. Ukizidiwa, huenda yeye ndiye atakayepiga simu hiyo kwa niaba yako. Bima ambayo ndugu yako hawezi kuieleza kwa dakika tano bado hujaielewa vya kutosha kuinunua.